SOMO LETU: MDOMO UKIENDA UPANDE, USINGOJE KESHO

Ndugu na dada wa vikundi, tuseme ni siku ya mkutano na mweka hazina wenu anafika amejifunika leso usoni. Akiitoa, mnaona mdomo umeenda upande, jicho moja halifumbi, na chai akinywa inamtoka pembeni. Aliamka hivyo asubuhi. Majuma matatu nyuma alikuwa na homa na kikohozi, akapimwa akaambiwa ni korona. Mara minong'ono inaanza: ati amerogwa, ati amepigwa na upepo, ati ni kiharusi, basi amekwisha. Kikundi kitafanya nini?

Ni kitu gani hiki?

Kila upande wa uso una mshipa wake wa fahamu. Ndio unaopeleka amri ya ubongo: fumba jicho, cheka, inua nyusi. Mshipa huu hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba mle ndani hauna nafasi, unabanwa kama mguu uliovimba ndani ya kiatu. Amri hazifiki, na upande ule wa uso unalegea.

Ugonjwa huu si mgeni. Daktari Charles Bell wa Uskoti alieleza kazi ya mshipa huo mwaka wa 1821, na kupooza huku kukaitwa kwa jina lake. Mara nyingi hudhaniwa kuwa virusi ndivyo vinavyouvimbisha.

Korona inaingiaje?

Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2021 uliangalia rekodi za watu 348,088 waliopata korona. Kati yao 284 walipooza uso katika majuma manane. Hao ni kama 8 kwa kila watu 10,000. Ni wachache, kwa hivyo tusitishane. Lakini tusipuuze pia.

Wengine wetu walikataa chanjo kwa kuogopa kupooza uso. Utafiti huo huo uliwalinganisha walioambukizwa korona na waliochanjwa. Hatari ilikuwa karibu mara saba zaidi kwa walioambukizwa. Kumbe tulichopaswa kuogopa zaidi ni ugonjwa wenyewe!

Uso au kiharusi?

Mwambie mgonjwa ainue nyusi kama mtu aliyeshangaa. Mshipa wa uso ukipooza, paji la uso upande ule halikunjiki, linabaki laini. Kwa kiharusi, mara nyingi paji linakunjika pande zote mbili, ila mdomo ndio umelegea. Tena mkono au mguu unaweza kukosa nguvu, au maneno yakavurugika. Mkiona hayo, tafuteni gari saa hiyo hiyo.

Lakini kipimo hiki si cha kumfanya mtu abaki nyumbani. Paji liwe laini au likunjike, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo. Kuamua ni kazi ya daktari.

Kwa nini haraka?

Kuna dawa iitwayo prednisoloni, inayopunguza uvimbe. Inafaa ianzwe ndani ya siku tatu. Utafiti wa Uskoti wa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba baada ya miezi tisa, waliopewa dawa hii mapema walipona kabisa kama 94 kwa kila 100. Wasioipata walipona kama 82.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Wengi hupona hata bila dawa. Ndiyo maana mganga akipaka majani na uso ukarudi, yeye ndiye hupata sifa. Lakini wale 12 wa katikati, ambao uso wao ungepona, ndio wanaopotea tukizunguka kwa waganga mpaka siku tatu zikaisha.

Mambo manne ya kushika

1. Lindeni jicho. Lisilofumba hukauka, na vumbi na moshi wa jikoni vinaweza kulitia kidonda mpaka mtu asione. Mchana avae miwani. Amwombe daktari dawa ya matone na mafuta ya jicho, na aonyeshwe namna ya kulifumba kwa plasta usiku. Asitie maji ya majani wala maziwa.

2. Asinunue prednisoloni dukani. Hupandisha sukari mwilini. Mwenye kisukari, mwenye presha na mama mjamzito wamwambie daktari hali yao kwanza.

3. Mgonjwa aseme yote: kama alikuwa na korona, kama ana malengelenge sikioni, kama anaishi na virusi vya ukimwi. Hayo yanaweza kubadilisha matibabu.

4. Msimfiche wala kumcheka. Kupona kunaweza kuchukua majuma au miezi. Aendelee na kazi yake ya kikundi. Uso umelegea, lakini akili yake ni ile ile.

Maswali ya kujadiliana

- Kijijini kwetu mtu akipooza uso, huwa tunampeleka wapi kwanza? Siku ngapi hupotea?
- Mwenzetu akiugua leo, nauli ya hospitali itatoka wapi? Je, tutenge kidogo katika mfuko wa kikundi?
- Nani kati yetu atamweleza mhudumu wa afya wa kijiji somo hili?

Kabla ya kufunga mkutano, kila mtu amgeukie jirani yake, ainue nyusi, afumbe macho, aonyeshe meno. Mtacheka, sawa. Lakini siku ikifika mtajua mnaangalia nini.