Kubadilisha Breki za Nyuma za Pikapu Nyumbani

Mkulima mwenye punda hana haja ya somo hili. Punda akiteremka mlima na mzigo hujizuia mwenyewe. Hukaza miguu, na akiona hatari husimama hata umpige. Pikapu haina akili hiyo. Ukiijaza viazi huko Kinangop na kuielekeza Naivasha, itateremka kwa kadiri ya uzito wake, na kinachoizuia ni vipande vichache vya lainingi ambavyo hata vikiwa vipya unene wake ni milimita 4 au 5 tu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinajulikana: gunia lisipite kilo 50. Basi magunia 20 ni tani 1, na pikapu nyingi zimeundwa kuchukua mzigo wa tani 1 hivi, nyingine pungufu. Gari likiwa tupu, breki za mbele ndizo zifanyazo kazi kubwa. Lakini ukipakia magunia hayo 20, uzito hukaa juu ya ekseli ya nyuma, na breki za nyuma hupata sehemu yao ya kazi. Tena breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma. Mkulima anayesema, "Za mbele ni nzuri, zanitosha," hajawahi kusimamisha gari lenye mzigo penye mteremko.

Pikapu nyingi tulizo nazo zina dramu nyuma. Ndani ya kila dramu mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, na juu ya kila kimoja imebandikwa lainingi. Ukikanyaga breki, silinda ndogo huvisukuma vyuma hivyo nje vikaikaza dramu. Ikiwa yako ina diski nyuma, kazi yake ni nyingine na somo hili si lake.

Dalili za lainingi kwisha si ngumu kuzitambua. Pedali hushuka chini kuliko desturi. Breki ya mkono huvutwa juu sana kabla ya kushika. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma, umekwisha kuchelewa, na huenda dramu imeharibika pia. Usingoje hayo. Fungua utazame, na lainingi ikibaki milimita 2, nunua mpya. Nunua za pande zote mbili hata kama upande mmoja bado ni mzuri, maana gari lenye lainingi mpya kushoto na kuukuu kulia huvuta upande mmoja ukifunga breki.

Sasa kazi yenyewe. Weka gari mahali palipo sawa, pasiwe na mteremko hata kidogo. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mti, mbele na nyuma. Hapa wengi hukosea. Huweka gia ya kwanza na kudhani gari limefungwa. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma, gia haizuii kitu, kwa sababu difu huliacha lile lililo hewani lizunguke na gari likaenda zake. Nayo breki ya mkono lazima uilegeze, la sivyo dramu haitoki. Basi gari lote linashikwa na yale mawe ya mbele. Yachague vizuri.

Legeza nati kidogo kabla ya kuinua. Ukiisha kuinua kwa jeki, tia stendi ya chuma au gogo imara chini ya ekseli. Usitumie matofali wala mawe yaliyopangwa, kwa maana hupasuka bila kutoa habari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea.

Dramu ikikataa kutoka, tafuta matundu mawili madogo yenye hesi usoni pake. Magari mengi yanayo. Tia bolti mbili zinazoingia hapo, mara nyingi ni za milimita 8, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, nazo zitaisukuma dramu nje. Ikikataa bado, lainingi zimepanuka ndani. Nyuma ya bamba kuna tundu lenye kizibo cha mpira, na kupitia hapo waweza kuilegeza ajasta yenye meno kwa bisibisi. Usiipige dramu ukingoni kwa nyundo nzito. Ni chuma cha kalibu, nacho hupasuka.

Utaona vumbi jeusi ndani. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa, na watoto wasikaribie. Lainingi za zamani, na hata nyingine za bei nafuu, zaweza kuwa na asibesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Huleta ugonjwa wa mapafu baada ya miaka mingi. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulipanguse kwa kitambaa, kisha ukifukie kitambaa hicho.

Kabla ya kugusa springi yoyote, chukua daftari la mtoto na penseli uchore unachokiona: springi gani iko juu, rangi yake, ndoano yake yatazama wapi. Mwenye simu na apige picha, lakini mkono uliochora husahau kwa shida. Na fungua upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Mara ya kwanza mimi nilifungua pande zote mbili pamoja Jumamosi asubuhi, nikazitia springi zote katika sufuria moja. Gari lilikaa juu ya magogo mpaka Jumatatu, na fundi aliyekuja kuniokoa hakuficha kicheko. Kumbe hata ajasta za kushoto na kulia hazilingani. Katika magari mengi hesi zake hukwenda kinyume, na ukizibadilishana zitalegea badala ya kukaza. Upande usiofunguliwa ndio mwalimu wako. Ukisahau kitu, nenda ukautazame, ukikumbuka kwamba mambo yake yamegeuzwa kama uso katika kioo.

Toa springi kwa koleo, ukiwa umegeuza uso pembeni. Sukuma na kuzungusha vifuniko vya pini zinazoshika vyuma hivyo kwenye bamba. Kimoja cha vile vyuma kina mkono mdogo wa waya wa breki ya mkono, nao hutolewa na kufungwa katika kipya. Kibanio chake ni kidogo na hupenda kurukia majanini. Wakati huu wote mtu yeyote asikanyage pedali, kwa sababu pistoni zitachomoka katika silinda na mafuta yatamwagika.

Hapo ndipo pa kukata shauri. Inua kidogo mpira wa silinda utazame. Ukiona majimaji, silinda inavuja. Na ukikuta mafuta mazito yenye harufu ya gia, sili ya ekseli imekwisha. Kazi hizo mbili si za nyumbani. Mpeleke habari fundi, wala usivike lainingi mpya juu ya mafuta hayo, maana lainingi ikinywa mafuta haisafishiki. Tazama pia dramu. Ikiwa na ufa, itupe. Ikiwa na mifereji, fundi wa mashine ya kukereza aweza kuisawazisha, lakini isipite kipimo cha mwisho, ambacho mara nyingi kimeandikwa juu ya dramu yenyewe.

Safisha bamba. Paka grisi kidogo sana mahali chuma kinaposugua bamba, si kwenye lainingi kamwe. Rudisha vyote kama mchoro wako unavyosema. Zungusha ajasta mpaka dramu ikwaruze kidogo ukiizungusha kwa mkono, kisha irudishe nyuma kiasi tu cha kuiacha izunguke. Nati zikaze kwa mpango wa msalaba, na kuzikaza tena gari likiwa chini.

Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe ngumu. Ukiongeza mafuta ya breki, soma juu ya kifuniko cha chupa ya gari. Mengi yataka DOT 3 au DOT 4. Jina hili la mafuta limewaponza watu. Mafuta ya injini ukiyatia humo huvimbisha mipira yote, na breki zote nne huharibika.

Neno moja zaidi kwa wale walioongeza springi za chuma nyuma ili gari lisikae chini likipakiwa. Katika pikapu nyingi kuna fimbo ndogo kutoka ekseli hadi valvu iliyo katika fremu. Gari likishuka kwa mzigo, fimbo husukuma valvu, nayo hupeleka nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Ukiliinua gari kwa springi, valvu hudhani hakuna mzigo, nawe una magunia 20 juu yake. Lainingi mpya hazitaponya hilo. Fundi airekebishe fimbo hiyo. Wengine huikata kabisa kwa kutojua kazi yake. Chungulia chini ya gari ulilonunua kwa mtu uone kama ipo.

Siku ya kwanza jaribu gari likiwa tupu, barabara ya tambarare, mwendo wa polepole, ukifunga breki taratibu mara nyingi ili lainingi zikae vizuri katika dramu. Jaribu breki ya mkono penye mteremko mdogo. Jioni kaza nati tena. Kwa siku chache beba maziwa au majani ya ng'ombe, na viazi vingoje. Utakapoteremka navyo, ingiza gia ndogo tangu juu, kabla gari halijashika kasi, kwa sababu breki zinazokanyagwa bila kupumzika hupata moto na kupoteza nguvu, hata ziwe mpya za jana.