Ndoo Mbili Jikoni: Mboji kwa Nyumba na kwa Mama Lishe

Kwenye mfuko wa taka wa nyumba nyingi za Dar es Salaam, uzito mkubwa hutoka jikoni: maganda ya ndizi na mihogo, machicha ya nazi, vikonyo vya mchicha. Ndivyo vinavyonuka siku ya pili, vinavyovuta panya, na vinavyotoa maji meusi mfuko ukichanika kabla gari la taka halijapita. Inzi naye hutaga humo. Kwa joto la pwani, yai huweza kuwa inzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10, na inzi huyo akitoka chooni hutua kwenye sahani ya mtoto na vijidudu vya kuhara miguuni. Ukitenga taka hizi na kuzifanya mboji, zinazobaki ni kavu, nyepesi na hazina harufu kali.

Weka ndoo mbili jikoni. Yenye mfuniko iwe ya mabaki mabichi, nyingine ya taka zilizobaki. Watoto huzoea upesi kuzitumia. Kazi ni kwa wakubwa wanaokula embe na kutupa kokwa popote.

Mwenye uwanja achague mahali penye kivuli, mbali na kisima, atengeneze rundo lenye mita 1 kila upande. Mpangaji asiye na uwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na ubavuni, aiinue juu ya matofali.

Kila ukimwaga kipimo kimoja cha mabaki mabichi, funika kwa vipimo viwili vya vitu vikavu: majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa, au maranda kutoka kwa seremala, ila si ya mbao zilizotiwa dawa. Wengi huharibu hapa. Wanamwaga maganda matupu, rundo linageuka tope lisilopitisha hewa, na vijidudu visivyohitaji hewa vinashika kazi kwa harufu ya yai viza. Jirani akilalamika, hana kosa. Ongeza vikavu, geuza kwa jembe, na harufu itapungua. Ukitaka kujua kama kuna maji ya kutosha, bana konzi moja: litoke tone moja au mawili tu.

Rundo kubwa lililopangwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 katikati. Nyuzi 55 zikidumu siku 3 huua vijidudu vingi vya magonjwa. Ndoo ndogo haifiki huko, kwa hiyo usitie samadi ya kuku ndani yake. Nyama, samaki, mafuta na ubwabwa visiingie popote, maana ni karamu ya panya. Nepi, kinyesi cha mbwa na cha paka pia marufuku. Cha paka huweza kubeba vimelea vya toksoplasma, hatari kwa mjamzito. Ukigeuza, vaa viatu na glavu, kisha nawa kwa sabuni. Turubai la kufunikia lisituamishe maji, kwani mbu wa dengue hutosheka na maji kidogo sana.

Baada ya miezi 3 au 4, kwenye ndoo zaidi, mboji iliyoiva huwa nyeusi, hunukia udongo na maganda hayatambuliki tena. Ichanganye na udongo wa bustani.

Kwa wauza chakula

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Ikaja mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa. Mingi imetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki. Haiozi kwenye rundo lako. Vikombe vingi vya karatasi navyo vina utando wa plastiki ndani. Vyombo vya PLA, plastiki itokanayo na wanga wa mimea kama mahindi, huoza vizuri kwenye mitambo yenye joto la nyuzi karibu 58. Uwani vitakaa muda mrefu sana, na kuvinunua kwa bei ya juu pasipo mtambo karibu ni kupoteza pesa.

Jani la mgomba lililooshwa linafungia chakula na huoza lenyewe. Gazeti lisiguse chapati yenye mafuta kwa sababu ya wino; lichane ulitie kwenye mboji. Mteja anayekula papo hapo apewe sahani ya kuosha, anayebeba aje na chombo chake.

Maganda yakikuzidi, usiyachanganye na taka za plastiki wala kuyachoma. Huko Kinondoni, kiwanda cha mboji cha Mabwepande hutumia taka za masokoni. Mwombeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa wenu awatake wazoa taka wachukue taka zinazooza peke yake, nanyi muwe mmekwisha kuzitenga siku gari likifika.