BREKI ZA TRELA NA UTUNZAJI WAKE

Kila mwanafunzi wa Nyarugusu na Kasulu amepata kuona lori lenye trela likipanda mlima kwa gia ndogo. Wengi husimama kulitazama hapo. Lakini mtu mwenye akili hulitazama zaidi linaposhuka. Maana kupanda ni kazi ya injini, na kushuka ni kazi ya breki.

Tangu Nyarugusu ilipoanza kupokea wakimbizi kutoka Kongo mwaka 1996, na wengi kutoka Burundi mwaka 2015, shehena za chakula zimeletwa kwa malori. Barabara hizo hizo hupitwa na watoto waendao shule kwa miguu, na watu wenye baiskeli zilizobeba ndizi. Basi jambo hili latuhusu sote.

Kwanza tufanye hesabu. Lori na trela yake vikiwa na uzito wa tani 40, vikashuka mlima wenye kimo cha mita 100, nishati ya jouli milioni 40 hivi haina budi kwenda mahali. Mwendo usipoongezeka, karibu yote hugeuka kuwa joto. Joto hilo latosha kupasha zaidi ya lita 100 za maji baridi mpaka yakaribie kuchemka! Breki zikiachiwa mzigo huo peke yake, lainingi hupoteza mshiko na ngoma hutanuka. Ndiyo sababu dereva hodari huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili injini isaidie kuzuia.

Trela nyepesi za matembezi, kama zile za Marekani, hutumia breki za umeme. Ndani ya ngoma mna sumaku ya umeme. Dereva akikanyaga breki, umeme hupita, sumaku hung'ang'ania ngoma inayozunguka, huvutwa nayo, na kusukuma wenzo unaotanua viatu vya breki. Zisiposhika, fundi hutafuta waya uliokatika, viungio vyenye kutu, au sumaku iliyolika. Kwa kuwa bila umeme hazifanyi kazi, trela huwekewa betri ndogo ya kuzifunga ikichomoka.

Malori yetu makubwa hutumia breki za upepo. Asili yake ni treni: George Westinghouse wa Marekani alipata hataza ya breki hizo mwaka 1869. Kati ya lori na trela mna mipira miwili. Mmoja, mwekundu, hupeleka upepo katika matangi ya trela. Wa pili huchukua amri ya mguu wa dereva. Ule mwekundu ukikatika, trela hujifunga breki yenyewe. Hapa pana kanuni ya kukumbukwa: chombo cha usalama kiundwe hivi kwamba kikiharibika, kizuie hatari, wala kisiiachilie.

Utunzaji wake ni huu:

1. Maji yafunguliwe na kumwagwa kutoka katika matangi kila siku. Maji hupunguza nafasi ya upepo na kuleta kutu.

2. Injini ikiwa imezimwa, geji itazamwe. Upepo ukishuka upesi, pana mahali panapovuja. Maji ya sabuni yapakwe kwenye viungio, mapovu yatapaonyesha.

3. Baada ya safari, joto la magurudumu lilinganishwe kwa kupitisha mkono karibu nayo bila kuyagusa. Gurudumu lenye joto kupita mengine huenda breki yake imekwama. Lililo baridi huenda breki yake haishiki.

4. Trela ikisukuma lori wakati wa kufunga breki, breki za trela ni dhaifu. Safari isiendelee mpaka zirekebishwe.

5. Mtu asiingie chini ya trela kabla ya kuzuia magurudumu. Wala chemba yenye springi isifunguliwe na asiye fundi, kwani springi hiyo ikiruka yaweza kuua.

Nasi wapita njia tuna wajibu wetu: tusidandie trela mlimani, wala tusikimbilie mbele ya lori linaloshuka tukidhani litasimama papo hapo.

MASWALI

1. Mwendo wa lori ukiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo wake huongezeka mara ngapi?

2. Kwa nini gia ndogo huingizwa juu ya mlima, wala si katikati ya mteremko?

3. Waya wa breki za umeme ukikatika, na mpira mwekundu wa breki za upepo ukikatika, matokeo yanatofautianaje?