Likizo ya Juni: Saa Mbili za Kwako

Shule zikifungwa mwezi Juni, wengi wetu tunarudi nyumbani na begi limejaa madaftari na ahadi moyoni: safari hii nitabukua mpaka kieleweke! Wiki ya kwanza unapumzika. Ya pili kuna shamba na wageni. Ya tatu unasema, "Jumatatu naanza." Ya nne unafua sare, na begi linarudi shuleni kama lilivyokuja.

Je, ni uvivu? Mara nyingi sio. Shuleni kuna kengele inayokuambia sasa ni Hesabu, sasa ni chakula, sasa ni kulala. Nyumbani kengele hiyo haipo. Ni lazima uitengeneze mwenyewe, na uitengeneze kulingana na maisha ya nyumbani kwenu.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni dada wa Kidato cha Tatu na kwenu ni Mazinde, wilaya ya Korogwe, kando ya barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, chini ya milima ya Usambara. Asubuhi kuna kufagia na kuchota maji. Kuna shamba, kuni, kupika na wadogo zako wa kuangalia. Kaka yako naye amerudi likizo, lakini yeye akishakunywa chai anatoka kwenda kijiweni. Hapo utasoma saa ngapi?

HATUA YA 1: Hesabu siku yako

Kwa siku mbili, andika kila unachofanya na saa uliyokifanya. Usidanganye. Andika kuchota maji, lakini andika pia ile saa nzima ya kupiga soga au kuchezea simu. Utaona mambo mawili: kazi zilizo nyingi kweli, na muda unaovuja bila wewe kujua.

Sasa tafuta saa mbili tu kwa siku. Unaona ni kidogo? Piga hesabu: saa 2 mara siku 5 mara wiki 4 ni saa 40. Kipindi cha shule ni dakika 40, kwa hiyo hivyo ni vipindi 60! Mtu anayejipangia saa nane kwa siku huacha siku ya tatu. Mwenye saa mbili anafika mwisho.

HATUA YA 2: Ongea na wakubwa

Ratiba uliyoificha kwenye daftari haikusaidii. Ukikaa na kitabu bila kusema, utaonekana unakwepa kazi. Chagua wakati mama ametulia, jioni baada ya chakula, useme kwa heshima:

"Mama, naomba tuongee kidogo. Mwakani nina mtihani wa Kidato cha Nne, na Hesabu zinanisumbua. Naomba saa moja asubuhi nikitoka shamba, na saa moja alasiri. Maji na kupika nitafanya kama kawaida. Ila naomba kaka anisaidie kuchota maji ya jioni."

Umeona? Hukulalamika. Umetaja sababu, umetaja saa, na umesema utafanya nini. Huenda mama asikubali yote. Akikupa saa moja, shukuru na uitumie vizuri. Wiki ijayo muulize tena.

Na wewe kaka unayesoma hapa: ndoo ya maji haina jinsia. Dada yako atafanya mtihani uleule utakaoufanya wewe, siku ileile, kwa dakika zilezile. Ukichota maji ya jioni unampa vipindi vyake. Hiyo sio hisani, ni haki.

HATUA YA 3: Panga ratiba

Hii ni mfano tu. Yako itategemea kazi za kwenu.

Saa 12 asubuhi: kuamka, kufagia, maji, chai
Saa 1 hadi 4: shamba au kazi za nyumbani
Saa 4 na nusu hadi 5 na nusu: SOMO GUMU
Saa 6 hadi 8: kupika, kula, kupumzika
Saa 9 hadi 10 alasiri: SOMO LA PILI
Saa 10 hadi 1 jioni: maji, michezo, marafiki, kupika
Saa 2 usiku: dakika 15 za kujiuliza ulichosoma leo
Saa 3 usiku: kulala

Angalia, kusoma kwingi kunafanyika mchana. Juni jua linazama mapema, na mwanga wa jua haununuliwi. Chini ya mwembe panatosha kabisa.

HATUA YA 4: Funga daftari!

Wengi tukisema tunapiga msuli, tunasoma ukurasa uleule mara nne. Tukiuona tunautambua, tunadhani tumeuelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio kuhusu jambo hili. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fulani katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, na waliojipima asilimia 61.

Basi soma dakika 20, funga daftari, andika unachokumbuka. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Kesho anza na yale mekundu.

Tumia pia yaliyo mbele ya macho yako. Jiografia: kwa nini Usambara kule juu kuna mvua na ubaridi, na tambarare ya Mazinde ni kame? Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda milima, hupoa na kuacha mvua kule. Zikishuka upande wa huku zimekauka. Historia: kwa nini Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliweka makao yake Mazinde badala ya kukaa mlimani Vuga? Kwa sababu misafara ya biashara ilipita huku tambarare, na biashara ilileta bunduki na nguvu.

Mweleze mdogo wako hayo kwa Kiswahili mpaka aelewe. Kisha yaandike kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha utakayojibia mtihani. Ukishindwa kumweleza mdogo wako, bado hujaelewa.

HATUA YA 5: Tunza mwili

Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ulichosoma, kwa hiyo kukesha ni kujiibia. Usitumie vidonge wala mirungi ili usilale.

Moshi wa kibatari huumiza macho na mapafu. Kama ipo taa ya sola, tumia hiyo. Kibatari au mshumaa usiuingize kamwe kwenye chandarua, utaungua. Lakini chandarua chenyewe usikiache: malaria inaweza kukuondolea wiki nzima. Ukipata homa, nenda zahanati ukapime siku hiyohiyo. Kunywa maji safi, kula kabla ya somo gumu. Dada, kama tumbo la hedhi linauma, pumzika na usogeze kipindi. Na kama unachoka na kusikia kizunguzungu kila siku, usidhani ni uvivu. Huenda damu imepungua. Nenda ukapimwe.

SIKU IKIHARIBIKA

Itaharibika tu. Kutakuwa na msiba, mgonjwa, au mahindi ya kuvuna. Usijaribu kulipa saa zote kesho yake, utachoka na kuacha. Anza palepale kwa saa yako ya kawaida. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI YAKO WIKI HII

1. Andika kazi zako zote za siku mbili. Ni muda gani unavuja?
2. Utamwambia nini mzazi au mlezi wako? Fanya mazoezi na rafiki.
3. Nyumbani kwenu, nani anafanya kazi gani? Je, mgawanyo huo ni wa haki? Jadilini.
4. Chagua mada moja, soma dakika 20, funga daftari, andika. Umekumbuka kiasi gani?