SOMO: KUUNGANISHA VYOMBO VYA GITAA KATIKA RAKI



Vyombo vya bendi ya tawi hununuliwa kwa michango yetu. Kosa moja la waya laweza kuviunguza, au kumwua mpiga gitaa. Kwa hiyo tujifunze.

1. Raki. Upana wake wa kawaida ni inchi 19, na kila nafasi ina kimo cha inchi 1 na robo tatu. Amplifaya kubwa ni nzito; tuifunge chini. Tuache pengo la hewa, maana hutoa joto.

2. Njia ya sauti. Gitaa huingia katika amplifaya ndogo ya mwanzo, kisha chombo cha mwangwi, kisha amplifaya kubwa, mwisho spika. Waya wa spika uwe mnene. Ule wa gitaa haufai kazi hiyo.

3. Spika. Mbili za omu 8 zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi huwa omu 4. Tusome nyuma ya amplifaya inakubali ngapi. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe bila spika.

4. Umeme. Mvumo ukisikika, wengine hukata waya wa ardhi katika plagi. Tusifanye hivyo: waya huo ndio ulinzi wa mwili. Kwanza tujaribu kuvipa vyombo vyote umeme wa soketi moja.

5. Kuwasha. Amplifaya kubwa iwashwe mwisho, izimwe kwanza.

Anayejua amfundishe mwenzake. Chombo cha wote kitunzwe na wote.