Kuusoma Mstari wa Gharama za Umeme

Mteja wa Katesh au Haydom aliye katika kundi la D1 akinunua umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 mwanzoni mwa mwezi, kisha akaongeza 10,000 nyingine kabla mwezi haujaisha, hupata uniti chache mno mara ya pili. Wengi huhisi wamepunjwa. Kabla ya kulalamika, mteja achore gharama zake kwenye daftari la hesabu: uniti katika mhimili wa mlalo, shilingi katika mhimili wa wima.

Tuanze na mstari wa zamani. Mwaka 2015 mteja wa kundi la T1 alilipa, kabla ya kodi, shilingi 20,420 kwa uniti 50 na shilingi 35,320 kwa uniti 100. Hizo ni nukta mbili, nazo zinatosha. Gharama imepanda kwa 14,900 wakati uniti zimeongezeka kwa 50. 14,900 ukigawa kwa 50 unapata 298. Huo ndio mteremko, yaani bei ya uniti moja. Mlima Hanang una sehemu kali na sehemu pole, lakini mteremko wa mstari mnyoofu ni ule ule popote unapoupima.

Sasa urefushe mstari kuelekea kushoto hadi uguse mhimili wa wima. Utaugusa kwenye 5,520, kwa kuwa 20,420 ukitoa 14,900 (298 mara 50) hubaki 5,520. Mlinganyo ni:

G = 298u + 5,520

Kiasi hicho kilikuwa tozo ya huduma ya kila mwezi, iliyolipwa hata kama taa haikuwashwa. Kuanzia Aprili 2016 tozo hiyo iliondolewa na bei ikawa 292, hivyo mstari mpya, G = 292u, unaanzia sifuri.

Mchoro wa D1 una kona, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwa bei hizo za 2016, uniti 75 za kwanza katika mwezi ni shilingi 100 kila moja: G = 100u. Baada ya hapo mteremko ni 350. Chukua nukta (75, 7,500) na (95, 14,500): tofauti ni 7,000 kwa uniti 20, yaani 350. Mlinganyo wa kipande hiki ni:

G = 350u − 18,750

Hiyo hasi 18,750 si deni ambalo TANESCO inamdai au kudaiwa na mteja. Inaonyesha tu mahali ambapo mstari ungefika kama ungerefushwa nyuma ya kona, na mlinganyo huu hautumiki chini ya uniti 75.

Ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, miteremko hiyo huwa 122 na 427. Ndiyo maana shilingi 10,000 za kwanza hutoa takriban uniti 77, na za pili takriban 23, kabla ya makato mengine kama kodi ya majengo.

Tunza stakabadhi zote za mwezi. Nukta ikiangukia mbali na mistari hii, angalia kwanza makato yaliyoorodheshwa na kundi la bei ulilowekwa, kisha uzipeleke stakabadhi hizo ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe. Usiporidhika na jibu, wasilisha malalamiko EWURA kwa maandishi, ukiambatisha mchoro wako.