Mdogo Wangu, Upatanishi Unaanza kwa Kuuzuia Ulimi

Mdogo wangu, nimesoma jumbe zenu na nimeona wengi mna ndoto moja: kuwa wapatanishi. Ndugu wakigombana unaitwa wewe. Mpangaji akikosana na mwenye nyumba, unaitwa wewe. Hata chama cha akina mama kikitaka kuvunjika, mlango unaobishwa ni wako. Sasa umesikia kuna mafunzo ya upatanishi na cheti chake, na moyo umeruka. Sikulaumu. Ila tuzungumze kabla hujaigusa akiba yako, maana nakuona unakimbilia cheti na kazi yenyewe hujaijua.

Wasiwasi wako mmoja nitauondoa sasa hivi: si lazima uwe wakili. Hapa Kenya wamo walimu, wahasibu na viongozi wa dini waliosajiliwa kuwa wapatanishi (wenzetu wa Tanzania huwaita wasuluhishi). Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze njia za kupatana, na tangu 2016, majaribio yalipoanza Milimani, Nairobi, kesi za familia na za biashara zimekuwa zikipelekwa kwa wapatanishi. Mafunzo ya msingi ni saa 40, yaani kama siku tano hivi. Siku tano tu, ndiyo maana unadhani ni mchezo.

Basi nikusimulie yaliyonipata. Siku ya tatu ya mafunzo yangu tulipewa igizo: kaka na dada wanagombania shamba la marehemu baba yao. Mimi nilikuwa mpatanishi. Baada ya dakika kumi nikamwambia yule kaka, "Si umpe dadako nusu, yaishe?" Mkufunzi akainua mkono, darasa likanyamaza. Akaniambia, "Umeshahukumu. Sasa huyu kaka hana mpatanishi tena, ana wapinzani wawili." Nilishikwa na uchungu, maana nilidhani natenda haki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Shamba la watu ni jepesi sana kuligawa.

Turudie, akasema. Safari hii nikamuuliza yule kaka, "Likigawanywa, unaogopa kupoteza nini?" Mwenzetu aliyeigiza akakaa kimya, kisha akajibu, "Kaburi la baba liko upande ule." Hakuna aliyekuwa ametaja kaburi tangu tuanze. Hapo ndipo nilipoelewa ninachosomea.

Kwa hiyo ukienda, jiandae kuvuliwa tabia unazozipenda. Wewe ni mtoa ushauri hodari, nakujua. Darasani utafunzwa kuuzuia huo ushauri. Utafunzwa kuwasikiliza wote kwenye kikao cha pamoja, kisha kukaa faraghani na kila upande, kwa sababu msema pweke hakosi, na ukimwamini wa kwanza kuzungumza umeharibu. Na alichokwambia mmoja faraghani hukipeleki kwa mwenziwe bila ruhusa yake. Hapa nakukazia macho kidogo. Wewe hupenda kusimulia, "Usimwambie mtu, lakini..." Tabia hiyo iache nyumbani. Neno moja likivuja, watu waliokufungulia moyo hawatakufungulia tena, na huenda mayatima wakakosa mirathi kwa miaka kwa sababu ya mdomo wako.

Tena usione ni maneno ya barazani tu. Pande mbili zikikubaliana, makubaliano huandikwa, husajiliwa mahakamani, na huwa na nguvu ya hukumu. Rufaa hakuna. Mtu akitia sahihi kwa kuwa ulimharakisha, atalala na jambo hilo maisha yake yote. Muda nao una mipaka: kesi iliyotoka mahakamani hupewa siku 60, na nyongeza fupi. Utasukumwa na tarehe upande mmoja na machozi upande wa pili, na hupaswi kumsukuma mtu.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Cheti cha kuhitimu mafunzo si idhini ya kufanya kazi za mahakama. Ukihitimu, unaomba kwa Kamati ya Kuidhinisha Wapatanishi, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Kamati hiyo ndiyo inayoweka vigezo, inayotunza sajili na inayosimamia maadili. Bila jina lako kwenye sajili, mahakama haikupi kesi. Usione aibu kama ulichanganya mambo haya mawili. Nimekutana na waliokwisha kulipa ada ndipo wakauliza.

Na tafadhali usiache kazi yako. Mpatanishi wa mahakama hulipwa kwa kesi, si kwa mwezi, na kesi haziji kama mvua ya masika. Anza upatanishi pembeni, jifunze chini ya waliotangulia, kosea ukiwa karibu na mtu wa kukurekebisha.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, piga simu kwa hao wanaotangaza mafunzo uwaulize: je, mnatambuliwa na Kamati? Wakijibu kwa maneno mengi, kata simu, kisha uliza afisi za Mahakama zilizo karibu nawe.